Mbeya niliionja kabla ya kuiona

Saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gesti niliyofikia mitaa ya Soweto, nimejikunyata ndani ya sweta mbili na khanga kichwani. Nilikuwa nasubiri gari la kunipeleka Ziwa Ngosi. Gari lenyewe nililipia tangu niko Tanga, fedha yote, kwa simu, kwa kijana ambaye namba yake nilipewa na mtu aliyepewa na mtu. Ikafika saa mbili. Ikafika saa tatu, jua limeshaanza kuwaka kwenye bati la nyumba ya jirani, na simu ya yule kijana haipatikani. Mpaka leo haijapatikana.

Mama anayepika pale gesti alipita mara ya kwanza na ndoo ya maji, akanitazama. Akapita mara ya pili na gunia la mkaa. Mara ya tatu alitoka na kapu mkononi, akasema, "Mwanangu, huyo haji tena. Utaliwa na baridi bure. Mimi naenda sokoni Mwanjelwa, twende zetu."

Nikaenda. Fedha iliniuma, siwezi kuficha, na tangu siku hiyo silipi safari yote kabla sijaliona gari na mwenye gari. Lakini kila ninachokijua Mbeya kilianzia kwenye kapu la yule mama.

Kabla sijatoka Tanga nilikuwa nimeandika kwenye daftari vitu vya kuona: Ziwa Ngosi, Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, ufukwe wa Matema. Nikiisoma orodha ile sasa naliona kosa lake mara moja. Hakuna hata kimoja kilichomo ndani ya jiji. Ngosi na Daraja la Mungu viko upande wa Rungwe, Matema iko Kyela, na Kimondo, tangu Songwe ilipomegwa kuwa mkoa wake mwaka 2016, hakimo hata ndani ya Mkoa wa Mbeya. Jiji lenyewe, ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu wake zaidi ya laki tano, mimi nililipangia kulala tu na kuoga. Wageni wengi niliopishana nao pale gesti walikuwa hivyo hivyo: wanaingia usiku, alfajiri wameshaondoka.

Kosa la pili nilikuwa nimeshalifanya siku iliyotangulia. Mimi ni mtu wa pwani, nyumbani kwetu maji ya bahari yakijaa unayasikia kitandani. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nikashuka kwenye basi jioni, nikalala, kulipokucha nikaanza kupanda Loleza, mlima ule unaousimamia mji kwa upande wa kaskazini, kilele chake mita 2,656. Nilikuwa peke yangu, na chupa moja ndogo ya maji. Sikufika hata nusu. Kichwa kilinigonga kama kuna mtu anatwanga ndani yake, pumzi ikawa fupi, nikakaa chini ya mti. Wanawake watatu walikuwa wanashuka na mizigo ya kuni. Waliweka mizigo chini, mmoja akanipa ndizi mbivu, wakakaa nami bila maneno mengi mpaka nilipoweza kusimama, tukashuka pamoja. Mtu wa pwani akija nyanda za juu ajipe siku mbili za kutembea taratibu na kunywa maji kabla hajaugusa mlima wowote. Na asipande peke yake.

Kwa hiyo siku ile ya gari lisilokuja nilikuwa bado na uchovu, na mama alitembea polepole kwa ajili yangu. Njiani alinifundisha salamu za Kinyakyusa. Nilikuwa nimejifunza moja kwenye basi, "ugonile", nikawa naigawa kwa kila mtu kwa furaha. Tulipofika kwa mzee mmoja muuza ndizi nikampa na yeye. Alipokea kwa upole, lakini mama alinivuta mkono pembeni. "Huyo ni mtu mzima. Kwake unasema mugonile, kama unawasalimia watu wengi. Ugonile ni ya rika lako." Nikarudi kwa mzee, nikasema mugonile, akatabasamu, akachagua chane la ndizi upya, akalirudisha lile alilokuwa ametupimia mwanzo. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, hiyo nilikuwa naijua vizuri.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na ilichukua miaka kabla ya jengo jipya kusimama. Jengo la sasa ni kubwa, la ghorofa, lakini macho yangu yalibaki kwa wale waliopanga bidhaa zao chini, kwenye viroba na turubai, mpaka unakosa pa kuweka mguu. Viazi vina udongo mweusi bado. Kabichi kubwa kama vichwa viwili vya mtu. Maharage ya kila rangi, ya njano, mekundu, yenye madoa. Parachichi zimepangwa mafungu mafungu. Kuna usipa wakavu, vidagaa vya Ziwa Nyasa, wanang'aa kama vipande vya bati.

Mama alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo iliyonifungua macho. Kila alichonunua alikionyesha kwa kidevu kilikotoka. Viazi: anainua kidevu kuelekea safu ya Uporoto, ile milima iliyolala kusini mashariki, unaiona kutoka sokoni pale pale. Ndizi: nyuma ya milima hiyo, Tukuyu, kwenye mvua. Usipa: mbele zaidi, ziwani. Kahawa: huku magharibi, Mbozi. Mchele: kidevu kilienda pande mbili, kushoto Kyela, kulia Mbarali. Kwetu Tanga ukiniuliza kabichi ya sokoni imetoka wapi nitakwambia imetoka sokoni. Hapa mji mzima umekaa kama sinia katikati ya mashamba yake.

Na mashamba ya Mbarali nilikuwa nimeyapita kwenye basi bila kujua! Baada ya kupanda Kitonga, kupita Mafinga kwenye misitu ya misindano na kuiacha Makambako, basi lilishuka tambarare ya Usangu, joto likarudi, abiria wakafungua madirisha. Pale Igurusi na Chimala nililiona bonde limetandazwa mpaka macho yanachoka. Nikadhani ni nyasi kavu. Ni majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Kisha basi likaanza kupanda tena kuelekea Uyole, watu wakasimama mmoja mmoja kuchukua makoti juu ya viti, mimi nimekaa na gauni langu la pwani.

Sasa mchele. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo ningependa kila anayefika Mbeya alijue. Karibu kila meza ya mchele imeandikwa Kyela. Mama alipita meza nne bila kusimama. Ya tano akachota konzi moja, akaufumba mkono, akaupulizia pumzi ya moto kupitia upenyo wa kidole gumba, akasubiri kidogo kisha akafungua na kunusa. Akaninusisha na mimi. Hakukuwa na harufu. Akaurudisha, akamwambia muuzaji kwa adabu tu, "Huu ni wa Mbarali, mwanangu." Yule kijana hakubisha. Akainama chini ya meza, akafungua kiroba kingine. Mama akapuliza tena. Safari hii harufu ilinijia kabla hata sijainamisha kichwa. Siwezi kuifananisha na kitu kingine. Ni harufu ya wali wenyewe, wakati mchele bado mbichi.

Kisha akachukua punje moja, akaing'ata kwa meno ya mbele. Ikalia. Mchele usiokauka vizuri haulii, unabonyea, na ukifungiwa kwenye kiroba safari ndefu unavunda. Mwisho akautandaza kiganjani kutazama urefu wa punje. Zikiwa ndefu na fupi zimechanganyika, ujue umechanganywa. Chenga zikiwa nyingi, bei ishuke. Chuya mbili tatu hakuzijali, alisema zinaonyesha kwamba mchele haujapita mikono mingi.

Nikamuuliza kama wa Mbarali ni mbaya. Akakunja uso. Mchele wa Mbarali ni mzuri, alisema, watu wengi wanakula huo, na yeye mwenyewe anapika huo siku za kawaida. Ubaya ni kuuzwa kwa jina lisilo lake, kwa sababu mkulima wa Mbarali anakosa sifa ya jasho lake, na wa Kyela anaharibiwa jina na mchele ambao hakuulima. Nimeyafikiria sana maneno hayo.

Mchana tulipika ndizi. Alinipaka mafuta ya kula viganjani kabla ya kumenya, utomvu usinishike, na kila ndizi iliyomenywa ilitumbukizwa kwenye maji isiwe nyeusi. Nyama ilikuwa imeshachemshwa. Akapanga sufuria: ndizi chini, nyama, kitunguu, nyanya, karoti, ndizi tena, akamwagia supu ya ile nyama, akafunika kwa jani la mgomba, juu yake mfuniko. Moto akaupunguza mpaka makaa yakawa kama yamelala. Nikauliza, kwa heshima, kama hatuweki nazi.

"Nazi tunaijua," akasema. "Lakini ndizi ya Tukuyu inajitosheleza. Kaa usubiri."

Tukasubiri karibu saa nzima, tunakunywa chai ya maziwa. Alipofunua, ndizi zilikuwa zimeiva zikavunjika zenyewe pembeni na kufanya rojo zito, lakini katikati bado nzima. Tulikula na parachichi iliyokatwa vipande na chumvi kidogo juu yake. Mimi nyumbani nimezoea parachichi kwenye juisi. Kula parachichi kama mboga, na chakula cha moto, lilikuwa jambo geni kwangu, na sasa siwezi kuacha.

Usiku huo nilitembea na binti yake mama mpaka Kabwe kula chipsi. Najua chipsi ziko kila mahali. Lakini viazi vilivyong'olewa Uporoto juzi, vikakaangwa leo, vinakatika mdomoni kwa namna nyingine kabisa, nje vikavu, ndani kama unga. Kando yake mahindi ya kuchoma, na watu wamesimama kuzunguka jiko kwa ajili ya chakula na kwa ajili ya moto pia. Hapo nikaelewa kwa nini mji wa baridi una maisha ya jioni mapema: saa mbili usiku pilikapilika zimeshapungua, kila mtu anakimbilia blanketi. Mgeni aliyezoea kula saa nne usiku atalala njaa.

Siku iliyofuata nilichukua bajaji mpaka mji wa zamani, Uhindini na Sokomatola, nikatembea kwa miguu. Nyumba za maduka zenye baraza mbele, miti mikubwa ya kivuli, barabara zinazopanda na kushuka, Loleza inachungulia kila mwisho wa mtaa. Mji huu ulianza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipokuwa inavuta watu kutoka kila upande. Kabla ya hapo wakubwa wa serikali ya kikoloni walikaa Tukuyu. Jina Mbeya husimuliwa kwamba limetokana na neno la Kisafwa, ibheya, maana yake chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walikuja hapa kubadilishana mazao kwa chumvi. Hilo lilinigusa mahali pa karibu, kwa sababu nimekulia jirani na mashamba ya chumvi. Kama mtu aliyekuja huku zamani alibeba kitu cha kwetu, na akarudi na nafaka za huku, basi mimi na kapu la mama hatukuwa tumefanya jambo jipya.

Napenda pia majina ya mitaa. Kuna kata inaitwa Ghana. Kuna Soweto. Unapita Uzunguni, unashuka Mabatini, unatokea Mafiati. Mji unakusimulia nani alikaa wapi, na nani aliwaza nini kuhusu Afrika, kabla hujamuuliza mtu.

Iyunga nilienda kwa ajili ya stesheni ya TAZARA tu, sikuwa na tiketi. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Jengo la stesheni ni kubwa, dari liko juu sana, na siku hakuna treni unasikia viatu vyako mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi nusu saa. Sijui kama kila mtu angependa, lakini mimi nilipenda.

Kimondo nilikiona pia, kwa gari la abiria la njia ya Tunduma na bodaboda mpaka Ndolezi. Ni donge la chuma lenye uzito unaozidi tani 10, limetoka angani, na unaruhusiwa kuliwekea mkono. Ni baridi, laini kuliko nilivyotarajia. Dakika ishirini zinatosha.

Ngosi nilifika siku ya tano, kichwa kimeshapoa. Nilipanda kosta ya Tukuyu, nikashuka Isongole, nikatafuta kijana wa kijiji wa kuniongoza, nikampa nusu kabla na nusu tuliporudi. Njia inapanda ndani ya msitu mnene, udongo unateleza hata wakati wa kiangazi, mizizi ndiyo ngazi. Juu kabisa kulikuwa na ukungu mtupu. Mwongozaji akasema tusiondoke. Tulikaa karibu dakika arobaini, tunakula viazi vya kuchemsha alivyobeba mfukoni, ndipo ukungu ukafunguka kutoka chini, kipande kwa kipande, na maji ya kijani yakatokea ndani kabisa ya shimo la volkano. Watu husema ziwa lina umbo la Afrika. Nilitafuta Tanga.

Lakini ukiniuliza siku ile nakumbuka nini zaidi, nakumbuka kushuka. Kando ya barabara wakulima walikuwa wanajaza viazi kwenye magunia. Gunia likijaa, wanalishonea kichwa cha wavu juu, wanaendelea kujaza mpaka linakuwa na nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mama mmoja mwenye shamba, mikono imepasuka kwa baridi, alinieleza kwamba mnunuzi analipa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo ile nundu yote ni yake bure. "Mizani ingekuwepo hapa, mwanangu, tungeheshimiana," alisema huku anashona. Sindano ilikuwa ndefu kama kiganja changu. Nilifikiria zile chipsi za Kabwe nilizozisifu, na nundu iliyokuwa ndani yake. Kama unasafiri barabara ile, ukinunua viazi, nunua kwa mkulima mwenyewe, na usivutane naye kwa mia mbili.

Siku ya kuondoka mama alinipeleka tena Mwanjelwa kwa yule kijana wa meza ya tano. Safari hii mimi ndiye niliyepuliza. Nilirudisha kiroba cha kwanza, nikakubali cha pili, yeye amesimama nyuma yangu na kapu lake, haongezi neno. Nilinunua kilo kumi. Stendi alinikabidhi na chane la ndizi, limefungwa kwenye magazeti, akaniagiza mchele huo mara ya kwanza niupike kwa maji na chumvi tu, nisiutie nazi, ili nyumbani wausikie wenyewe.

Nilifanya hivyo hivyo. Tanga, jikoni kwetu, mlango uko wazi na upepo wa bahari unaingia. Maji yalipokaukia, mama yangu alitoka barazani, akafunua sufuria mwenyewe, akakaa na mfuniko mkononi.

"Huu umetoka wapi?"

"Kyela, mama."

"Ndiko ulikokuwa?"

"Hapana. Nilikuwa Mbeya. Kyela ni mbele yake, kama saa tatu kwa kosta."

Akauinamia tena, akavuta harufu. "Sasa mbona hukufika?"